Mnyama Wako Amekufa: Kwa Nini Unaumia Kiasi Hiki

Swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini kuliko yote ni hili: "Mbona nimemlilia mbwa kuliko nilivyomlilia mjomba wangu?" Anayeuliza huwa ameshajihukumu. Anaogopa kwamba swali lenyewe linamwonyesha kuwa mtu mwenye kasoro, aliyeweka mapenzi mahali pasipostahili. Nataka kumjibu kwa kirefu, maana lile jibu fupi la "jikaze, utasahau" halijawahi kumtuliza mtu.

Mjomba unaweza kumpenda na kumheshimu sana huku mkionana mara mbili kwa mwaka. Mbwa mliamka pamoja kila siku. Machozi hayapimi thamani ya aliyekufa. Hupima zaidi nafasi aliyoishika katika saa zako, katika mikono yako, katika njia unayopita ukitoka chumbani kwenda mlangoni. Mjomba akifa, unaweza ukalia sana, na bado kesho yako ikaenda kama ulivyoizoea. Mnyama wa nyumbani akifa, ni kesho yenyewe inayovurugika, tangu saa ya kuamka.

Na si hilo pekee. Huzuni hii ina nyuzi tatu zilizosokotana: kuna kumkosa kiumbe uliyemzoea, kuna ukimya wa watu wanaokuzunguka, na kuna lawama unayojibebesha kama mlezi. Kila uzi una chanzo chake, na kinacholegeza mmoja hakiugusi mwingine. Wengi huhangaika na ule wa kwanza, ilhali unaowakaba ni huu wa tatu.

Mwili ulikuwa umemzoea

John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, aliandika juzuu tatu kati ya 1969 na 1980 kuhusu mshikamano na kupoteza. Alieleza kwamba mtoto huzaliwa na msukumo wa kukaa karibu na anayemlinda, kwamba msukumo huo haumwachi mtu hata akikua, na kwamba huzuni ya kufiwa, kwa sehemu kubwa, ni msukumo huohuo ukiendelea kumtafuta asiyepatikana. Bowlby alikuwa akizungumzia binadamu. Lakini mtazame mnyama wa nyumbani kwa jicho hilo uone alivyokaa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Wewe ndiye uliyemlisha, uliyemwosha, uliyempeleka kwa daktari, kama mzazi anavyofanya kwa mtoto mchanga. Yeye naye ndiye uliyemshika ulipokuwa na hofu, akakaa pajani mpaka pumzi zako zikatulia. Akiondoka, umepoteza uliyemlea na aliyekuliwaza, siku moja.

Mshikamano huo unaonekana hata kwenye damu na mkojo. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwapima mbwa na wenye mbwa kabla na baada ya kukaa pamoja. Wale waliotazamana machoni kwa muda mrefu walipanda kiwango cha oksitosini, mwenye mbwa na mbwa wake pia. Oksitosini ni homoni inayohusika katika kuwaunganisha mama na mtoto wake mchanga. Mbwa mwitu waliolelewa na watu tangu utotoni hawakuonyesha jambo hilo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba uhusiano wako na mbwa ulikuwa wa kujidanganya, mwili wako una ushahidi mwingine.

Wala si udhaifu wa watu wa siku hizi. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja na mbwa miaka ipatayo 14,000 iliyopita. Meno ya mbwa yule yalipochunguzwa upya, yalionyesha kwamba alikuwa mdogo, bado hajafikisha mwaka, na kwamba aliugua vibaya ugonjwa wa distempa na kuishi nao kwa majuma kadhaa. Mbwa mchanga mwenye distempa hawezi kuwinda wala kulinda. Hana faida yoyote. Asingefika alipofika bila mtu wa kumpa maji, kumsafisha na kumtia joto. Herodoto naye, Mgiriki aliyeandika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza kwamba Wamisri wa zama zake, paka akifa nyumbani, wote wa nyumba hiyo walinyoa nyusi. Akifa mbwa, walinyoa kichwa na mwili mzima.

Ndiyo maana majuma ya mwanzo mwili hukataa habari. Unasikia kucha zake sakafuni. Unasogeza mguu taratibu kitandani usimkanyage. Unafungua mlango kidogo tu, ili asitoke, halafu unakumbuka. Huku si kuchanganyikiwa. Ubongo ulijifunza kwa miaka kumtarajia saa fulani mahali fulani, na matarajio hayo hayafutwi na taarifa moja. Hufutika kwa kukosewa tena na tena, na kila yanapokosewa, yanauma. Usingizi hupungua, chakula hakina ladha, kifua huwa kizito. Kwa nadra sana, moyo wenyewe huathirika: mwaka 2017 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilieleza habari za mwanamke wa Marekani aliyefikishwa hospitali akiwa na dalili zilizofanana na shambulio la moyo, kumbe ni hali iitwayo takotsubo, ambapo msuli wa moyo hulegea ghafla baada ya mshtuko mkubwa. Mbwa wake alikuwa amekufa muda si mrefu. Alipona. Simlengi mtu nimtishe. Ninachosema ni kwamba maumivu ya kifua baada ya msiba wa mnyama yapelekwe kwa daktari kama maumivu mengine yoyote ya kifua, bila kuona haya.

Hapa kuna jambo moja la kusafisha kabla ya kuendelea. Huenda umesikia kwamba huzuni ina hatua tano: kukataa, hasira, kujadiliana ili yasiwe, kusononeka, kukubali. Hatua hizo zilitoka kwa daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe, si na waliofiwa. Ukizichukua kama ratiba utaanza kujikagua: mbona sijakasirika bado, mbona nilikubali Jumatatu na leo nimerudi kulia? Maelezo yanayoendana zaidi na maisha ni ya watafiti wa huzuni Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999. Kwao, mtu aliyefiwa huyumba kati ya pande mbili: mara anaikabili hasara yake, analia, anatazama picha, mara anaigeukia siku yake, anafanya kazi, anacheka na marafiki. Kuyumba huko ndiko kupona kunavyofanyika. Kwa hiyo ukijikuta umecheka siku ya tatu, hujamsaliti mtu. Na ukilia mwezi wa tano kwa sababu umeokota unywele wake kwenye koti, hujarudi mwanzo.

Watu wakinyamaza

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na hakuna msiba unaouthibitisha usemi huo kama huu. "Si paka tu?" "Tafuta mwingine." "Kuna watu wana matatizo ya kweli." Wasemao hivyo mara nyingi si wabaya. Hawana mfano wa kufuata. Akifa mtu, kila mmoja anajua la kufanya: kuna salamu, kuna siku za kukaa, kuna watu wanaokuja bila kuitwa, kuna ruhusa ya kutokwenda kazini. Akifa mnyama, hakuna kati ya hayo. Unazika jioni na kesho saa mbili uko kwenye meza yako ya kazi, umevimba macho, ukisema ni mafua.

Mtafiti wa Marekani, Kenneth Doka, mwaka 1989 aliihariri kazi nzima juu ya huzuni za namna hii: zile ambazo jamii haizitambui, haiziombolezi hadharani wala haizipi msaada. Alionyesha kwamba kutotambuliwa hakupunguzi huzuni, huiongezea. Kwa kawaida mwenye msiba anakuwa na kazi moja, kuomboleza. Huyu wetu anakuwa na kazi mbili: kuomboleza na kujitetea. Na mtu anayejitetea kila siku mwisho hujiunga na upande wa mashtaka, akaanza kujiambia mwenyewe yale aliyoambiwa na wengine.

Dawa ya uzi huu ni moja, nayo ni shahidi. Mtu mmoja anayeelewa anatosha; huhitaji kumshawishi kila mfanyakazi mwenzio. Mtafute aliyewahi kupitia, au aliyemjua mnyama wako kwa jina. Madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wameona watu wengi wakilia mbele yao kuliko tunavyodhani, na wengi wao watakusikiliza. Katika baadhi ya nchi zipo hata huduma za simu kwa ajili ya waliofiwa na wanyama: Chuo Kikuu cha California, Davis, kupitia shule yake ya tiba ya mifugo, kilianzisha yake mwaka 1989, na shirika la Blue Cross la Uingereza lina huduma kama hiyo tangu miaka ya 1990. Wale wasioelewa, wape sentensi moja tu, "Nimefiwa na mnyama niliyemlea miaka kumi, leo siko sawa," kisha usiendelee na mjadala. Hudaiwi maelezo.

Lawama ya mlezi

Sasa nifike pale ambapo, kwa maoni yangu, ndipo moyo wa jambo ulipo. Ukimsikiliza kwa utulivu mtu aliyefiwa na mnyama, baada ya dakika chache huacha kusema "nimemkosa" na kuanza kusema "ningeli". Ningelimpeleka mapema. Nisingelikubali ile sindano. Ningelikubali ile sindano juma moja kabla. Tukifiwa na mtu mzima, hata tukijilaumu, tunajua alikuwa na akili na kauli yake. Aliweza kukataa dawa, kuomba aachwe, kusema panapouma. Mnyama hakuweza. Kila uamuzi juu ya mwili wake ulikuwa wako. Kwa hiyo kifo chake, kwa vyovyote kilivyokuja, huonekana kama kitu ulichokifanya wewe.

Zito kuliko yote ni kifo cha huruma, yaani pale daktari anapomdunga mnyama sindano ya mwisho kwa ridhaa yako. Wengi huishi na picha za dakika zile bila mtu kuwaeleza walichokiona, basi acha nieleze. Dawa inayotumika zaidi ni pentobabitali, ya jamii ya dawa za nusukaputi, kwa kipimo kikubwa kupita kile cha kulaza mgonjwa. Mara nyingi hutanguliwa na dawa ya kutuliza. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, kinachoondoka kwanza ni fahamu, na huondoka ndani ya sekunde chache; pumzi na moyo husimama baadaye. Macho hubaki wazi, kwa sababu kuyafumba huhitaji msuli ukaze. Huenda mnyama akavuta pumzi moja mbili za ghafla, akatetemeka ngozi, akajikojolea. Ukiona hivyo bila kuonywa, unaweza kuamini kwamba alikuwa akipigana, akitaka kuishi, nawe umemshikilia. Hakuwa akipigana. Wakati huo fahamu ilikuwa imeshaondoka, na yale ni mabaki ya misuli na neva. Ningetamani kila daktari aseme maneno haya kabla ya kushika sindano.

Baada ya hapo linabaki swali la wakati: niliwahi mno au nilichelewa? Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani anayeshughulika na saratani, mwaka 2004 alitoa kipimo cha kuwasaidia watu wanaosubiri uamuzi huo. Kina mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10; jumla ikizidi 35, maisha ya mnyama huhesabiwa kuwa bado yanastahimilika. Kinamfaa mwenye mnyama mgonjwa leo, hasa akikijaza kila baada ya siku chache na kuziandika alama, kwa kuwa macho yanayompenda mgonjwa huzoea kudhoofika kwake yasione. Lakini kinamfaa pia aliyekwisha kufiwa. Kaa, ujaze lile juma la mwisho kwa uaminifu. Mara nyingi karatasi itakuonyesha kile ambacho huzuni imekificha: kwamba hakukuwa na siku iliyo sahihi kabisa, kulikuwa na kipindi kizima ambamo siku yoyote ingekuwa na hoja ya kuitetea, na uamuzi wako uliangukia humo. Ukiwahi, unampunguzia maumivu na kupoteza siku kadhaa naye. Ukichelewa, unapata siku hizo na yeye analipa. Hakuna njia ambayo ingekuacha bila deni moyoni.

Na wale wa "ningelimpeleka mapema"? Wanyama wengi huficha maradhi. Paka hasa anaweza kupungua uzito kidogo kidogo na kulala zaidi kwa miezi, na ukaona ni uzee tu. Leo unaijua picha nzima, kwa hiyo kila dalili ya jana inang'aa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwa majaribio kwamba mtu akishaambiwa jambo lilivyokwisha, hulihesabu kuwa lilikuwa linatabirika kuliko linavyotabirika kwa asiyeambiwa mwisho wake, na wala hatambui kwamba taarifa hiyo imembadilisha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lililo gumu ni kwamba yakishafika yanajifanya yalikuwepo tangu mwanzo. Njia ninayoiamini ni kuandika safu mbili: nilichokijua siku ile, na nilichokijua baadaye. Ijaze safu ya kwanza kwa haki, bila kuivusha hata habari moja kutoka safu ya pili. Kisha jihukumu kwa safu ya kwanza peke yake.

Fedha nazo zina lawama yake, na watu huona aibu kuitaja. Tiba ilikuwepo, gharama haikuwezekana. Mtu aliyeambiwa kiasi akarudi nyumbani na mnyama wake huamini kwamba aliuza uhai wa rafiki. Nasema kwa uzito wote: kumtunza mnyama ni kumpa ulinzi na upendo ndani ya maisha uliyonayo, pamoja na watoto wanaokutegemea na kodi ya nyumba inayokusubiri. Mnyama hakujua kwamba kulikuwa na upasuaji mahali fulani. Alichojua ni kwamba ulikuwa naye.

Vipi basi kama kosa lilikuwepo kweli? Lango liliachwa wazi. Sumu ya panya iliwekwa asikotarajiwa. Au ule mkasa unaouma kuliko yote, wa mtu aliyemwonea huruma paka wake mwenye homa akampa parasetamoli, bila kujua kwamba mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo ipasavyo na kipimo kidogo tu huweza kumwua. Kumwambia huyu "si kosa lako" ni kumfungia mlango, maana anajua kilichotokea, na sasa amejua pia kwamba huwezi kuusikia ukweli wake. Mwache aseme: nilifanya, na nilifanya bila kujua, na nilikuwa namjali. Sentensi hizo tatu zinaweza kukaa pamoja. Hakuna inayoifuta nyenzake. Kusahau au kutojua si sawa na ukatili, ingawa matokeo yanaweza kufanana. Baada ya hapo kuna kitu cha kufanya kwa mikono: kurekebisha lango, kuondoa sumu, kuwaambia wengine wenye paka habari za parasetamoli. Lawama iliyopata kazi hupoa kuliko lawama iliyokaa bure.

Wapo pia ambao hawana hata kaburi. Mnyama alitoka akapotea. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, ametumia miaka mingi kuzieleza hasara zisizo na hakika, ambazo mtu hajui aomboleze au aendelee kungoja. Aliziona kwa familia za askari waliopotea vitani, lakini mwenye mbwa aliyepotea ataitambua hali hiyo mara moja: ukilia unahisi umemkatia tamaa, usipolia unachoka. Si lazima uchague. Unaweza kubandika matangazo asubuhi na kumlilia usiku, na ukaendelea kutumaini huku ukirudisha maisha yako kwenye mstari.

Mambo yanayosaidia

Kumwona akiwa amekufa, kama inawezekana, huwasaidia wengi, kwa sababu hukata yale mawazo ya kwamba labda bado yuko. Kuaga kwa kitendo fulani husaidia pia: kumzika, au kuchomwa na kuhifadhi majivu, au kumwandikia barua, au kukusanyika tu wa nyumbani na kila mmoja kutaja anachokikumbuka. Angalia tu kanuni za unapoishi kabla ya kuzika, na kama alipewa pentobabitali, kaburi liwe refu kwenda chini, kwa sababu dawa hiyo hubaki mwilini na huweza kumwua mnyama mwingine akimfukua na kumla.

Vitu vyake havina tarehe ya kuondolewa. Kuna anayehitaji bakuli litoke usiku uleule, na kuna anayelihitaji likae mwezi mzima. Ugomvi hutokea wawili hawa wakiishi nyumba moja, basi zungumzeni kabla mmoja hajakurupuka kufagia. Zamani wataalamu wengi walishauri aliyefiwa akate uhusiano na marehemu ili aendelee na maisha. Tangu 1996, mtafiti wa huzuni Dennis Klass na wenzake walipochapisha kazi yao juu ya uhusiano unaoendelea, ushauri huo umelegezwa sana. Kuhifadhi mkufu wake, kusema naye ukipita alipokuwa akilala, kumtaja mezani, hayo hayazuii kupona.

Mtoto aambiwe ukweli kwa maneno ya kweli: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Ukimwambia "amelala" unaweza kumletea hofu ya kulala. Ukisema "amekwenda kuishi shambani" siku moja atajua, na hapo atafiwa mara ya pili, safari hii akiwa amepoteza na imani kwako. Mark Speece na Sandor Brent, waliopitia tafiti nyingi za jambo hili mwaka 1984, walikuta kwamba watoto wengi hufahamu kati ya miaka 5 na 7 kwamba kifo hakirudishwi, kwamba mwili uliokufa hauhisi wala haufanyi chochote, na kwamba kila kilicho hai kitakufa. Aliye chini ya hapo atauliza tena kesho atarudi lini. Jibu vilevile, kwa upole, kila anapouliza. Na akikuona unalia, usijifiche. Anajifunza kutoka kwako kwamba kulia kunaruhusiwa.

Kama kuna mnyama mwingine nyumbani, mwangalie naye. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutoka Italia, wenye mbwa 426 waliopoteza mmoja wa mbwa wao waliulizwa juu ya aliyebaki, na asilimia 86 walisema tabia yake ilibadilika: alitaka kuwa karibu na watu zaidi, alicheza kidogo, alikula kidogo, alilala zaidi. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kusema kwamba hii haithibitishi huzuni kama yetu. Kwa mlezi tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Mwekee saa zake zilezile za kula na kutembea. Akikataa chakula mfululizo mpeleke kwa daktari, na kama ni paka usingoje siku nyingi, kwa sababu paka asiyekula kwa siku chache huweza kuharibika ini.

Kuhusu muda, ukali wa siku za mwanzo hupungua kwa wengi katika majuma na miezi, ingawa si kwa mstari ulionyooka. Ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu umeingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2022, lakini maelezo yake yanahitaji aliyekufa awe binadamu. Hilo lisikuzuie kutafuta msaada. Mtaalamu hatibu jina la ugonjwa. Anatibu kukosa usingizi, kushindwa kufanya kazi, mawazo yanayozunguka dakika zilezile kila usiku. Aliyeishi peke yake na mnyama huyo, mzee hasa, anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa pengine ndiye kiumbe pekee aliyekuwa akimgusa. Na ukianza kuwaza kwamba afadhali nawe ufe, mwambie mtu leo na utafute huduma ya dharura. Wala usianze kwa kuomba radhi kwamba "ni mbwa tu."

Kwa rafiki wa mwenye msiba, nina ombi. Uliza jina la mnyama na ulitumie. Uliza kilichotokea, halafu usikimbilie kutoa ushauri. Usiseme "angalau", usimpimie kifo chake kwa kifo cha mwingine. Juma la tatu, ambapo wengine wote wamesahau, mtumie ujumbe. Na tafadhali usimletee mtoto wa paka kwa kumshtukiza, hata kama nia yako ni njema. Mnyama mpya anayekuja mapema mno hupewa kazi ya kuwa mwingine: huitwa kwa jina la marehemu kwa bahati mbaya, hulaumiwa kwa kutokuwa mtulivu kama yule. Wapo walio tayari baada ya juma moja, wapo wanaohitaji miaka, na wapo wasiotaka tena kabisa. Akikwambia mwenyewe kwamba sasa anataka, nenda naye mkamtafute, na mshauri achague mwenye tabia yake, apewe jina lake mwenyewe na bakuli lake.